Ukitaka Mfanyakazi Akae, Tunza Afya Yake

Kuna lalamiko moja linalosikika kila mahali, kuanzia kwa mwenye duka la jumla mpaka kwa mama anayetafuta dada wa kumlelea mtoto: "Wafanyakazi wa siku hizi hawakai." Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anasema hivyo. Mkuu wa shule binafsi anasema hivyo. Mganga mfawidhi wa zahanati ya misheni anasema hivyo kila muuguzi anapokuja kuaga. Na karibu kila mara sababu inayotajwa ni moja tu: mshahara. Mwenye fedha nyingi, wanasema, ndiye apataye watu.

Mshahara ni jambo kubwa, na mwandishi wa ukurasa huu hana nia ya kulipuuza. Lakini upo mzigo mwingine ambao waajiri wengi hawauoni, nao ni ugonjwa. Mfanyakazi anapougua, au mtoto wake anapougua, ni nani anayeubeba mzigo ule? Maoni yangu ni haya: mwajiri anayesaidia kuubeba hupata watu na hukaa nao. Anayeuacha wote mgongoni mwa mfanyakazi huajiri upya kila baada ya miezi michache, na kila mara huanza kufundisha tangu mwanzo. Siku hizi makampuni makubwa yana mipango maalumu ya afya kazini, na huitangaza pamoja na nafasi za kazi ili kuwavutia watu. Tuangalie ni kipi katika mipango hiyo kinachofaa kweli, na ni kipi ambacho hata mwajiri mdogo wa parokiani anaweza kukifanya.

SOMO KUTOKA KATANGA

Jambo hili si geni, wala halikuanzia Ulaya. Jirani zetu wa Katanga, huko Kongo, wanalijua tangu enzi za mababu. Kampuni ya shaba ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Migodi ilipoanza kukua, shida yake kubwa haikuwa shaba bali watu. Wafanyakazi walitolewa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Kasai, na katika miaka ya 1920 hata Rwanda na Urundi. Walikuja kwa mikataba mifupi, bila wake zao, wakasongamana makambini, na chakula chao kilikuwa duni. Homa ya matumbo, kuhara damu na kichomi viliwaua wengi. Waliosalia walimaliza mkataba wakaenda zao, na kampuni ikalazimika kutafuta wengine tena, kuwasafirisha tena, na kuwafundisha tena.

Mnamo mwaka 1927 na 1928 kampuni ilibadili mwendo. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu. Wanaume walihimizwa kuja na wake zao, na familia zikapewa nyumba. Zilijengwa hospitali, na pamoja nazo kliniki za wajawazito na za watoto wachanga. Posho ya chakula iliboreshwa, na shule za watoto zikaendeshwa na wamisionari. Matokeo yalionekana baada ya miaka michache. Vifo vilipungua sana, watu wakakaa, wengi wakaongeza mikataba, na watoto waliozaliwa makambini wakakua na kuwa mafundi wa migodi hiyo hiyo. Lugha ya kazi na ya makambi ikawa Kiswahili, na hata leo Lubumbashi ni mji wa Kiswahili.

Tusidanganyane. Hiyo haikuwa huruma, ilikuwa hesabu. Kampuni iliona kwamba kumtafuta mtu mpya ni ghali kuliko kumtunza aliyepo. Na kampuni hiyo hiyo iliyowapima watoto uzito iliingia pia ndani ya nyumba za watu, ikawaamulia mambo ambayo mtu mzima huamua mwenyewe. Vita Kuu ya Pili ilipopandisha bei za vitu, wafanyakazi waligoma kudai mishahara. Desemba 1941, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, askari waliwafyatulia risasi, na watu makumi wakafa.

Basi tunajifunza mambo mawili. La kwanza, afya njema ya mfanyakazi na familia yake humfanya akae. La pili, kliniki haiwezi kuchukua nafasi ya mshahara wa haki, wala haimpi mwajiri ruhusa ya kumtawala mtu. Mwajiri akisema, "Nimekutibu, kwa hiyo nyamaza," amekwisha kuharibu alichokijenga.

UKIMWI ULIPOINGIA KAZINI

Mtihani mkubwa wa jambo hili ulikuja wakati wa UKIMWI. Wengi wetu tunaikumbuka miaka ile. Fundi aliyefundishwa kwa miaka kumi alianza kukonda, akakosa kazi siku moja, kisha siku tatu, kisha wiki, na mwisho wenzake wakachangia jeneza. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwapo duniani, lakini bei yake ilikuwa juu mno kwa mtu wa kawaida, na hospitali nyingi za Afrika hazikuwa nazo.

Mwaka 2001 kampuni ya bia ya Heineken ilianza kuwapa dawa hizo wafanyakazi wa viwanda vyake, ikianzia Burundi na Rwanda. Haikuwapa wafanyakazi peke yao. Iliwapa pia wake au waume zao na watoto wao. Mwaka uliofuata, 2002, kampuni ya migodi ya Anglo American ilitangaza kwamba wafanyakazi wake wa Afrika Kusini wenye virusi watatibiwa bure. Wakati huo karibu mmoja kati ya wanne kazini humo alikadiriwa kuwa na virusi. Wengi walidhani gharama itaishinda kampuni. Lakini hesabu zilizofanywa baadaye katika migodi yake ya makaa ya mawe zilionyesha kwamba kuwatibu kuligharimu kidogo kuliko kuwaacha waugue, wafe, na nafasi zao zijazwe na wageni wa kazi.

Linganisha sasa na mwajiri aliyefanya kinyume: aliyetaka kila mwombaji apimwe kwanza, na aliyeonekana ana virusi akakosa kazi. Huyo alidhani anajikinga. Kumbe aliwafundisha wafanyakazi wake wote kuficha ugonjwa, na mtu anayeficha ugonjwa hutibiwa akiwa amechelewa. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya UKIMWI, kama inavyokataza kumbagua kwa sababu ya ujauzito au ulemavu. Siri ya mgonjwa ni siri. Mpango wowote wa afya kazini ambao mwajiri anautumia kuchungulia magonjwa ya watu utakimbiwa, hata kama matibabu yake ni ya bure.

MUUGUZI NAYE NI MTU

Hapa inafaa tujiangalie wenyewe, kwa sababu hospitali na zahanati za misheni ni waajiri. Serikali ya Tanzania ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi mwaka 2007, zahanati na vituo vya Serikali viliongezeka vikahitaji watumishi. Hospitali nyingi za mashirika ya dini zilipoteza waganga na wauguzi. Walivutwa na mshahara, ndiyo, na pensheni ya uhakika. Lakini tujiulize pia aliyebaki alibaki kwa sababu gani, na aliyeondoka alichoshwa na nini.

Muuguzi anayekesha peke yake na wodi nzima, anayechomwa na sindano asipate mtu wa kumshauri, anayepanga foleni na wagonjwa wake mwenyewe ili apimwe kifua kikuu, huyo ameachwa. Swaziland, nchi ambayo tangu mwaka 2018 inaitwa Eswatini, waliliona jambo hili mapema. Mwaka 2006 chama cha wauguzi cha nchi hiyo, kikisaidiwa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi, kilifungua mjini Manzini kituo cha afya kwa ajili ya wahudumu wa afya na familia zao. Humo muuguzi aliweza kupimwa virusi na kifua kikuu, kutibiwa na kupewa ushauri, bila kuonwa na wagonjwa anaowahudumia kila siku. Wazo lake ni jepesi: anayetunza wengine naye atunzwe, tena kwa siri na kwa heshima.

Hospitali ya jimbo haihitaji kujenga jengo jipya ili kufuata wazo hilo. Inahitaji siku moja ya wiki ambapo watumishi huonwa na mganga bila foleni, glavu na masanduku salama ya sindano yasiyokosekana, chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kila anayegusa damu, na zamu zilizopangwa ili mtu apate kulala.

MAZOEZI NA FULANA HAVITOSHI

Wapo watakaosema, "Sisi tayari tuna mpango. Kila mwaka tunafanya matembezi ya afya, tunagawa fulana, na mtaalamu anakuja kutueleza habari za chumvi na sukari." Mambo hayo si mabaya. Shinikizo la damu na kisukari vinaongezeka, na kutembea kwa miguu kunasaidia. Lakini je, ndivyo vinavyomfanya mfanyakazi akae?

Marekani, ambako mipango ya namna hii imeenea sana, watafiti wawili, Zirui Song na Katherine Baicker, walilipima swali hili kwa njia ya haki. Walichukua maduka 160 ya kampuni moja kubwa yenye wafanyakazi wapatao 33,000. Kwa kupiga kura, maduka 20 yalipewa mpango wa mafunzo ya lishe, mazoezi na kupunguza mawazo, na mengine hayakupewa. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Baada ya miezi 18, watu wa maduka yenye mpango walisema wanafanya mazoezi zaidi na kuangalia uzito wao zaidi. Lakini vipimo vya damu na shinikizo, gharama za matibabu, siku za kukosa kazi, na muda wa kukaa kazini havikutofautiana na vya maduka mengine.

Wengine wamechukua habari hiyo kama ushahidi kwamba afya kazini ni kupoteza fedha. Mimi naisoma tofauti. Kumhubiria mtu juu ya afya yake hakumwondolei mzigo wowote. Mwambie mlinzi ale matunda na mboga, halafu umlipe kwa kuchelewa: atakula nini? Mwambie mwalimu mjamzito apumzike, halafu umkate mshahara akienda kliniki: atapumzika vipi? Katanga walitoa hospitali, nyumba na chakula. Kule Bujumbura na Kigali mfanyakazi alipewa dawa, yeye na mtoto wake. Hapo mzigo uliinuliwa. Huko madukani Marekani watu walipewa mafunzo. Ndiyo tofauti yenyewe.

SHERIA YASEMAJE

Mwajiri asijione mkarimu kabla hajatimiza yaliyo wajibu wake. Kwa Tanzania Bara, sheria ile ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini haki hizi:

1. Likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo.

2. Likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, akiwa na cheti cha mganga. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu.

3. Likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha au zaidi.

Tena mama anayenyonyesha aruhusiwe muda wa kumnyonyesha mtoto, hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na kila wiki mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo.

Ipo pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayotaka mahali pa kazi pawe na maji safi ya kunywa, vyoo, huduma ya kwanza na vifaa vya kujikinga. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kupokea michango mwaka 2015. Mchango huo hutolewa na mwajiri peke yake, na mfanyakazi akiumia au kuugua kutokana na kazi, mfuko humgharimia. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Wengi husoma orodha kama hii wakadhani inawahusu wenye viwanda tu. La! Dada wa kazi ni mfanyakazi. Mlinzi wa usiku ni mfanyakazi. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Na. 189 wa mwaka 2011, lilisema wazi kwamba wafanyakazi wa majumbani nao wanastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Ni nyumba ngapi parokiani mwetu zinazotimiza hilo moja tu?

MWAJIRI MDOGO AFANYE NINI?

Huna haja ya kuwa na migodi ya shaba. Anza na hatari iliyo katika kazi yenyewe. Mlinzi wa usiku huumwa na mbu, na mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Mpe koti refu na dawa ya kujipaka, na siku akipata homa mpeleke akapimwe mara moja, usimwambie avumilie mpaka mwisho wa mwezi. Anayekoboa mpunga humeza vumbi mchana kutwa, nalo huleta kikohozi na pumu. Mpe barakoa, ufungue madirisha. Anayepulizia dawa shambani apewe glavu, gambuti na sabuni, naye asile chakula kabla hajanawa. Mpishi wa shule anayelia kwa moshi ajengewe jiko lenye dohani. Dukani na kiwandani pawe na ndoo ya maji ya kunywa yenye kifuniko na bomba, na choo chenye mlango unaofungwa. Wasichana wengi huacha kazi kwa sababu ya choo, wala hawasemi.

Baada ya hapo, shughulikia matibabu. Kama una wafanyakazi watatu au wanne, kaa nao mzungumze juu ya bima: mchango ni kiasi gani, wewe utoe kiasi gani na wao watoe kiasi gani, na watoto wao wamo au hawamo. Watoto ni jambo la kuzingatia. Mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi kufanya kazi hata akiwa yeye mwenyewe mzima, na akisikia kwamba kuna mahali ambapo mtoto hutibiwa, atakwenda huko, na hakuna wa kumlaumu.

Tena, panga mapumziko yajulikane. Siku ya mapumziko inayotolewa leo na kuahirishwa kesho kwa sababu wageni wamekuja si mapumziko. Dada wa kazi akijua kwamba Jumapili ni yake, atapanga kwenda kusali, kuwaona ndugu zake, na kulala. Atarudi Jumatatu akiwa mtu mpya.

"SINA FEDHA"

Jibu hili nalijua, na kwa wengi ni la kweli. Lakini kaa chini ufanye hesabu ambayo hujaifanya. Andika ni wafanyakazi wangapi wameondoka kwako kwa miaka miwili. Andika nauli uliyotuma kijijini kumleta mpya, siku ambazo mashine ililala, vyombo vilivyovunjwa na mgeni wa kazi, wateja waliokwenda kwa jirani, mtoto aliyelia wiki nzima kwa kumzoea mlezi mwingine. Weka pembeni bei ya barakoa, ndoo, glavu na sehemu yako ya mchango wa bima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine husema, "Nikimtunza akapata nguvu, ataondoka tu." Baadhi wataondoka. Mwingine ataolewa, mwingine atakwenda kusoma, mwingine atapata kazi ya Serikali. Lakini anayeondoka akiwa mzima husema vizuri juu ya mahali alipotoka, na hata humleta mdogo wake ashike nafasi. Anayeondoka akiwa mgonjwa na mwenye uchungu huwaonya kijiji kizima.

Neno la mwisho ni kwa Halmashauri zetu za Walei. Parokia nayo ni mwajiri. Ina mpishi, ina mlinzi, ina dereva, ina mwalimu wa chekechea, na ina makatekista wanaotembea vigango kwa vigango juani na mvuani kwa posho ndogo. Mtakapokaa kupanga bajeti ijayo, mkisha kusoma habari za ukarabati na za ununuzi wa vyombo vya muziki, ulizeni swali moja: katika watu wanaotufanyia kazi, ni nani mwenye bima ya afya, na watoto wake je? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao, pamoja na kiasi kilichotengwa na tarehe ya kuanza kulipa.